Mtandao haukukatika, ulikatwa

Barua ya wazi kwa wakuu wa idara na wahadhiri wa TEHAMA katika vyuo vya Tanzania



Wengi wenu hamnikumbuki, na sishangai. Darasa letu lilikuwa na watu zaidi ya mia moja, na mimi nilikuwa mtu wa viti vya nyuma, karibu na feni. Leo ni fundi wa mitandao. Kitambulisho cha kazini kinasema mhandisi, lakini mtaani kwetu Temeke wananiita fundi wa intaneti, wala sijawahi kumsahihisha mtu. Nilimaliza chuo mwaka 2009, mwaka uleule mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipowashwa mwezi Julai. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa dishi: sahani kubwa ya setilaiti juu ya paa la kafe, mteja analipa kwa dakika, na mvua ikianza kila mmoja anabeba mkoba wake anaondoka, kwa kuwa anajua hakuna kitu tena mpaka mbingu zitulie. Mkongo ulipofika tukaona kazi imekwisha. Bomba limeingia mjini, kilichobaki ni kufungua koki.

Koki hufunguliwa na hufungwa. Hilo la pili hatukulifikiria, na kwenye mtaala halikuwamo.

Niwasimulie usiku mmoja. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Sitasema upi, wala kampuni gani, maana kuna watu bado wanatafuta ugali wao palepale. Nilikuwa zamu ya usiku pamoja na kijana wa mafunzo kwa vitendo, hiyo wanayoiita fildi. Alikuwa mwanafunzi wenu wa mwaka wa tatu. Chumba cha mitambo kina baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Sisi wenyeji huwa tunakuja na masweta; yeye alikuwa na fulana tu, amejikunyata kwenye kiti, anakunywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yangu. Ilipokaribia saa sita, simu ya kiongozi wa zamu ikalia juu ya meza. Ujumbe wa WhatsApp. Majina manne ya tovuti na programu, na chini yake maneno mawili: "Imetoka juu."

Kiongozi alikuwa anazungumza na simu nyingine, akamwonyesha kijana kwa kidole: ingiza. Na kijana akaingiza. Walimu wangu, mngekuwepo mngejivunia. Kwanza alitunza nakala ya mipangilio ya zamani, kama mlivyomfundisha. Akaandika orodha, akaijaribu kwenye ruta ya pembeni, akahakiki, ndipo akaipeleka kwenye zile ruta kubwa mbili. Dakika nne. Hakukosea hata nukta. Akatoa simu yake mfukoni, akajaribu kufungua tovuti ya kwanza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, basi. Akanigeukia anatabasamu: "Kaka, imekubali."

Nilimpiga begani nikamwambia safi sana. Nilimaanisha. Ilikuwa kazi safi.

Baada ya nusu saa akaingia dada wa huduma kwa wateja, kashika kalamu na kikaratasi. Simu zimeanza kumiminika, watu wanauliza, awaambie nini? Kiongozi hakuinua hata macho. "Waambie kuna hitilafu ya kiufundi, mafundi wanaishughulikia." Dada akaandika neno kwa neno, akaondoka. Kijana akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Mafundi ni sisi. Tulikuwa tumekaa, tunakunywa chai.

Tangu usiku ule nimekuwa mkorofi kidogo wa sarufi, na mke wangu ananicheka. Mtoto akidondosha kikombe haji kusema "nimekivunja". Anakuja na uso wa huruma, anasema "kimevunjika". Kikombe kimejiamulia. Lugha yetu imetupa mlango huo mzuri, kukatika na kukatwa, kufungika na kufungwa, kuzimika na kuzimwa, na hakuna watu wanaoutumia zaidi kuliko sisi mafundi. Mtandao umekatika. Laini imekufa. Intaneti inasumbua. Sikilizeni zamu nzima ya watu wa mitandao, hamtasikia mtenda hata mmoja.

Mara nyingine ni haki kabisa kusema hivyo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na karibu nchi nzima ikajikuta inanyonya mtandao kwa mrija. Nilikuwa natoka kanisani. Sikubadilisha nguo, nilifanya kazi na shati la kanisani mpaka Jumatatu asubuhi, tunatafuta njia mbadala, tunabembeleza majirani watupe nafasi kidogo kwenye njia zao, tunapunguza huyu ili hospitali ipate, tunampunguza yule ili benki ipate. Mtu mmoja alilala chini ya rafu ya seva kichwa kikiwa juu ya boksi la modemu. Hiyo ndiyo hitilafu ya kiufundi. Ina jasho, ina mahali ilipotokea kwenye ramani, na mtu akikuuliza unaweza kumweleza.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Siku hizo hakuna aliyekesha na shati la kanisani. Hapa sizungumzii yaliyotokea barabarani siku zile. Yana watu wake wa kuyasema na uchungu wake. Nazungumzia sehemu ndogo inayotuhusu sisi na ninyi. Jirani yangu anauza vitenge kwa WhatsApp, mzigo wake ulikuwa njiani kutoka Kariakoo, hajui umefika wapi. Alikuja mlangoni mara tatu kwa siku kuniuliza kama simu yake imeharibika. Siku ya pili alikuwa ameizima na kuiwasha mara nyingi hata ikapoteza mipangilio ya laini. Siku ya tatu akanunua bando jipya, akidhani la zamani limeliwa. Hakuna ujumbe uliomfikia wa kumwambia kwamba kumezimwa. Mtandao uliporudi, simu nyingi zilipokea ujumbe wa kuonya watu wasisambaze picha za kuzua taharuki. Kumbe ujumbe wa kumfikia kila mtu unawezekana.

Hapo ndipo nilipoanza kuiwaza barua hii, na nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Mwanzoni nilitaka kuwaandikia wakubwa, nikaona hao wana watu wengi wa kuwaandikia. Nikataka kuiandikia mamlaka inayotusimamia. Lakini mkubwa hajui kuandika mstari mmoja kwenye ruta. Intaneti ya nchi haizimwi na tamko. Inazimwa na mtu aliyesoma, aliyepasi, aliyekaa kwenye kiti chenye magurudumu, na mtu huyo mmemlea ninyi.

Mlitufundisha, tena kwa msisitizo, kwamba pakiti ikija mlangoni na anwani ya mtumaji isiyo ya kweli, itupwe. Huo ni usafi wa kawaida. Bila huo kila mhuni angejifanya mtu amtakaye. Sasa ule ujumbe wa WhatsApp ulikuwa na mtumaji gani? Juu ni kwa nani? Juu ni ghorofa ya ngapi? Tulichokuwa tayari kukikagua kwenye pakiti ya baiti 1,500 hatukukikagua kwenye agizo la kuwafungia watu wasio na idadi.

Na swali hilo dogo la mtumaji ni nani lina uzito kuliko linavyoonekana. Januari 2019, baada ya maandamano ya kupinga bei ya mafuta, kampuni za simu za Zimbabwe ziliamriwa kuzima intaneti. Econet, iliyo kubwa kuliko zote kule, ilizima. Mwanzilishi wake, Strive Masiyiwa, alieleza hadharani kwamba mameneja wake wasingetii wangekwenda jela, na hofu hiyo siidharau hata chembe. Lakini tazameni walivyotii. Waliwatumia wateja ujumbe wa simu, wakawaambia wamepewa agizo la kuzima, mawakili wao wamewashauri walitekeleze wakati mahakama inalitazama, na usumbufu huo umesababishwa na vitendo vya serikali. Neno hitilafu halikutumika. Tarehe 21 mwezi huohuo Mahakama Kuu mjini Harare ikatamka kwamba agizo lilikuwa batili. Kwa nini? Kwa sababu waziri aliyelitoa hakuwa na mamlaka hayo chini ya sheria yenyewe aliyoitumia. Kosa la sahihi. Jambo ambalo kijana wa fildi angeweza kuliuliza huku ameshika kikombe cha chai ndilo lililoangusha agizo zima. Mwaka uliofuata, Juni 2020, mahakama ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, nayo ikasema Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti mwaka 2017. Kesi hizi zipo, zinasomeka, na hazizidi kurasa ambazo mwanafunzi wenu anakariri kuhusu kugawa anwani za IP.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa, kwa sababu nililipata nikiwa mwanafunzi: sisi ni walimu wa ruta, siasa ina idara yake. Naomba nibishane nanyi kwa heshima.

Mnafundisha BGP, kanuni ya mitandao kuelekezana njia, kama ilivyo kwenye kitabu, jedwali baada ya jedwali. Sikumbuki mtu akituambia kwamba ilichorwa mwaka 1989 wakati wa chakula, na wahandisi Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, kwenye karatasi za mezani za kufutia mikono. Wala kwamba ilisimama juu ya kuaminiana: jirani akikuambia njia ya kwenda kwa fulani inapita kwangu, unamwamini. Watu waliokuwa wakikutana kutengeneza kanuni hizo walikuwa na utamaduni wao. Mwaka 1992 mmoja wao, David Clark wa MIT, aliwakumbusha wenzake kwamba kazi yao haiongozwi na wafalme, marais wala kura; inaongozwa na maelewano ya jumla na programu inayofanya kazi. Mimi namcheka kidogo, maana marais wapo na tumewaona. Lakini mwanafunzi anayejua historia hiyo anaelewa kwamba kila mstari anaouandika ulikuwa uamuzi wa watu, na kwamba watu wengine wangeweza kuamua vingine.

Anaelewa pia kilichotokea Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, njia zipatazo 3,500 za kuingia Misri zilifutwa kwenye ramani ya intaneti ya dunia. Waliokuwa wakitazama kutoka nje waliona jambo la ajabu: hazikupotea kwa mpigo. Ilipotea kampuni moja, zikapita dakika chache, ikapotea nyingine, kana kwamba watu wanapigiwa simu mmoja baada ya mwingine. Kila nikisoma hapo naiona ile simu inalia juu ya meza yetu.

Haya, tuje kwenye mtaala wenyewe. Nisiwaonee: somo la maadili lilikuwepo. Saa moja kwa wiki, Ijumaa jioni, mwalimu wa kuazima kutoka idara nyingine. Tulijifunza kutonakili programu bila leseni, kutofungua barua pepe za watu, na jinsi ya kuvaa siku ya usaili. Mtihani uliuliza: taja na ueleze sifa tano za mtaalamu mwadilifu. Nilitaja sita. Nikapata A.

Katiba haikufunguliwa hata mara moja kwa miaka yote minne. Ibara ya 18 inataja mawasiliano kwa jina: uhuru wa kuwasiliana, na kutoingiliwa katika mawasiliano yako. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo kuwekewa mipaka, ila kwa sheria. Mimi nilizisoma nikiwa na miaka thelathini na nne, kwenye foleni ya kupata pasipoti. Nadhani lugha nayo inachangia. Mwanafunzi anasoma usalama wa mitandao kwa Kiingereza, Katiba iko kwa Kiswahili, na vitu hivi viwili havikutani kichwani mwake kamwe; kimoja ni cha mtihani, kingine ni cha taarifa ya habari.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inafundishwa, pale inapofundishwa, kama orodha ya mambo ya kuogopa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipokuja na ada zinazofika jumla ya shilingi milioni 2.1, blogu nyingi zilifungwa, na baadhi zilikuwa za vijana waliokuwa wanajifunzia kazi humohumo. Oktoba 2023 likatoka tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wajisajili kabla ya mwisho wa mwezi. Mei 2025 mtandao wa X ukaacha kufunguka. Sasa niambieni, walimu wangu, bila kuoneana haya: ni mwanafunzi gani wa TEHAMA hapo chuoni asiye na VPN kwenye simu? Asubuhi anafundishwa VPN kama chombo cha kuunganisha matawi ya benki. Jioni hosteli anaiwasha kusoma habari. Mwalimu anajua, naye anayo. Na hakuna anayethubutu kuziunganisha asubuhi na jioni, kwa hiyo kijana hajifunzi hata lile la msingi, kwamba VPN ya bure inaweza kuwa inauza kila anachokifungua. Shangazi yake Kariakoo anawekewa hiyohiyo na mpwa wake msomi.

Lipo jambo moja la kitaalamu ambalo linanikera kuliko mengine. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua 404, ukurasa haupo. Waulizeni kuhusu 451. Mhandisi Tim Bray aliipendekeza, ikachapishwa rasmi Februari 2016, na namba yake imetoka kwenye riwaya ya Ray Bradbury ya mwaka 1953 kuhusu nchi inayochoma vitabu. Maana yake ni kwamba ulichokiomba hakitolewi kwa sababu za kisheria. Na kanuni yenyewe inashauri ielezwe ni nani aliyedai kizuiliwe. Yaani kuna watu walikaa wakafikiri: ikitubidi kufunga, tufunge vipi bila kumdanganya mtu? Huo ni uhandisi. Huku kwetu tovuti iliyofungwa inakufa kimya, kiduara kinazunguka, na mwenye simu anailaumu simu.

Mtanikosoa kwamba mawasiliano mengi siku hizi yamesimbwa, fundi aliye katikati hawezi kuingiza tangazo lake bila kivinjari kupiga yowe. Kweli kabisa, na ningependa swali hilo liwe la mtihani. Jibu mojawapo ni lile la Econet: SMS.

Kuna agizo la aina nyingine pia, la kutoa majina. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa, na kiini cha mashtaka yake kilikuwa taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka na yeye akakataa kuzitoa. Mnaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu jukwaa hilo. Mimi naliangalia kama fundi: kabla ya mtu kugonga mlango, kuna kijana aliyebuni jedwali la kanzidata na kuamua anwani ya mtumiaji itunzwe au isitunzwe, kwa siku saba au milele. Usichokitunza huwezi kuamriwa kukitoa. Somo la kanzidata nililisoma mihula miwili, tukapanga majedwali ya maktaba, ya duka la dawa, ya hoteli. Swali la nini tusikitunze halikuulizwa. Tulitunza kila kitu, hata dini ya mgeni wa hoteli.

Si kila kufunga ni dhuluma, na sitaki mniweke kwenye kundi hilo. Nimefunga kurasa za matapeli wa "tuma kwenye namba hii" na nikalala usingizi mzuri. Nimefunga kurasa zenye picha za watoto wanaodhalilishwa, na hapo hakuna aliyehitaji kunishawishi mara mbili. Kila moja ya hizo ilikuja na karatasi, namba ya jalada, jina na mhuri. Nimeona kwa macho yangu kwamba karatasi hupatikana, tena haraka, pale mwenye agizo anapokuwa hana haya na agizo lake.

Mtasema kijana akiomba karatasi atafukuzwa. Huenda. Mimi nilianza kuomba. Mara ya kwanza niliposema "naomba iandikwe niiingize kwenye daftari la zamu", nilitazamwa kama mtu aliyetukana msibani. Agizo likapelekwa kwa mwenzangu wa zamu nyingine, akalitekeleza bila neno, nami nikahamishiwa stoo ya vifaa. Miezi mitatu nikihesabu modemu. Nilirudi kwa sababu mkongo ulileta shida na hakuna mwingine aliyejua ule mtambo wa zamani. Nasema haya ili msije mkadhani nawapeleka vijana wenu kwenye ushujaa wa bei rahisi. Lakini mmoja akiomba karatasi anahamishiwa stoo. Wakiomba wote, stoo haitatosha. Na njia pekee ya wote kuomba ni kuwa wamefundishwa hivyo darasani, kama wanavyofundishwa kutunza nakala ya mipangilio kabla ya kubadilisha kitu. Yule kijana alitunza nakala bila kuambiwa, saa sita za usiku, huku anatetemeka kwa baridi. Mkono wake ulikuwa umezoea. Nataka na hili liwe mazoea ya mkono.

Kwa hiyo siombi somo jipya. Mkilianzisha litawekwa Ijumaa jioni na litauliza sifa tano. Naomba mazoezi yaleyale ya maabara mliyonayo. Siku ya zoezi la orodha za kuzuia na kuruhusu kwenye ruta, mpeni mwanafunzi agizo lisilo na sahihi, na alama zote ziende kwa anayelirudisha na kuuliza. Wengine wapeni lenye sahihi ya mtu asiyehusika, waone kama watalisoma. Wapeni agizo la kufunga ukurasa mmoja, kisha muangalie ni nani amefunga tovuti nzima kwa uvivu. Kila aliyefunga aandike daftarini: saa, kilichofungwa, aliyeagiza, kitafunguliwa lini. Halafu aandike ujumbe wa mteja wa sentensi mbili, kwa Kiswahili, amsomee mama lishe wa pale getini. Asipoelewa, arudie. Na neno hitilafu likionekana kwenye ujumbe huo, mkateni alama.

Yule kijana yuko Dodoma siku hizi, anapata mshahara kunizidi. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, data zikiwa zimezimwa, aliniandikia kwa SMS ya kawaida: "Kaka, hiyo ni nyie au ni sisi?" Sikuwa zamu. Nilikaa na simu mkononi kwa muda, sikuwa na la kumwandikia. Mwishowe nikamwandikia alale.

Alhamisi huwa natoka kazini saa kumi jioni. Idara yoyote iliyo Dar es Salaam ikinialika nitakuja bila malipo. Za mikoani tutaelewana nauli ya basi. Nina ruta mbili kuukuu nilizonunua mnadani, bado zinafanya kazi, na daftari la zamu nililolianzisha baada ya kutoka stoo. Nitahitaji meza moja na soketi yenye umeme.

Mwanafunzi wenu wa zamani,
Fundi wa mitandao, Temeke